Mguu wa Mashine Mezani kwa Bibiane

Marcellin Akonkwa hakuwa fundi, na katika mtaa mzima wa Muhungu ni yeye peke yake ambaye hakulijua hilo. Kazi yake ilikuwa kuendesha mtumbwi wa mashine kati ya Bukavu na kisiwa cha Idjwi: anapeleka watu, anarudi na mananasi. Lakini kwa kuwa miaka yote alisimama nyuma ya fundi wa bandarini akitoa maoni, aliamini kwamba maoni na ufundi ni ndugu wa tumbo moja.

Juma lile mafuta ya gia yalianza kutoka meupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani, na fundi mwenyewe alikuwa amekwenda Goma. Lingekuwa juma jingine, Marcellin angengoja. Ila Jumapili, Aganze, mdogo wake Bibiane mkewe, aliyepata upadri siku chache nyuma, alikuwa anasoma misa yake ya kwanza kijijini kwao Idjwi. Bibiane ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyepaswa kumshika mkono na kumsindikiza hadi altareni, mahali pa marehemu. Mitumbwi mingine yote ilikwisha kukodishwa. Isitoshe, Marcellin alikuwa ameapa mbele ya kwaya nzima iliyoalikwa kuimba misa hiyo kwamba atawavusha yeye.

Basi aliibeba mashine hadi nyumbani, akaifunga kwenye ubao sebuleni, akaufungua mguu wake, ule upande unaozama majini wenye gia na mapanga yanayosukuma maji, akaulaza mezani.

"Papa Sagesse, mafuta juu ya kitambaa yangu?" Bibiane alimwita hivyo kwa jina la binti yao, na siku hiyo alilitamka bila mapenzi.

"Tulia, mama. Leo hii meza njo garage."

Na kweli alianza vizuri. Alipoyatoa mapanga alikuta uzi wa wavu wa sambaza, dagaa wa ziwani, umejizungusha kwenye mhimili, umeukata mpira mdogo unaozuia maji. Alicheka kwa furaha kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Alipanga vipande mezani kimoja baada ya kingine kwa jinsi vilivyotoka, akaosha meno ya gia kwa petroli, akaweka mpira mpya na mafuta mapya, kisha akavirudisha vyote kwa kuanzia cha mwisho. Hakuna kilichobaki. Akauunganisha mguu na mashine, akakaza bolti, akapiga ishara ya msalaba.

Ilibaki kuijaribu, nayo mashine hii haiwashwi pakavu. Mabomba ya mlimani yalikuwa makavu tangu asubuhi, lakini habari ilipita uani kwa uani, majirani wakaja na bidoni zao za maji, huyu nusu, yule robo, mpaka pipa likajaa. Marcellin akaweka mkono wa gia katikati, akavuta kamba. Mashine ikanguruma, maji yakaruka juu na kuwalowesha waliokuwepo, watoto wakapiga kelele, watu wazima nao wakapiga zaidi. Marcellin akazima, akainamisha kichwa kupokea makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: gia ikiwa katikati mapanga hayazunguki, na maji yale hayakupaswa kuruka hivyo. Furaha ilimfumba macho.

Jumapili asubuhi kwaya ilipanda, wote katika kitenge kipya cha sherehe. Mashine iliwaka kwa mvuto mmoja, gia ikiwa katikati, na mtumbwi ukaanza kurudi nyuma. Marcellin akasukuma gia mbele. Mashine ikapiga kelele, mtumbwi ukasimama.

Virginie, kiongozi wa kwaya, akageuka taratibu. "Papa Marcellin, Idjwi iko mbele ao iko nyuma?"

Kwaya ikacheka. Bibiane peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama njia ya maji kuelekea Idjwi, na Marcellin alipomwona aliona aibu iliyomshuka hadi miguuni. Wakapiga kasia hadi ufukweni.

"Mukono wa gia haukuwa katikati wakati nilikuwa naunganisha mguu, njo maana sasa katikati inaturudisha nyuma," alisema, akijikuna kichwa. "Ni kama mutu aliuvuta ule mukono."

Bibiane akaziba mdomo. "Uii! Ni miye! Nilitundikaka kitenge yangu pale, ile yenye maji, ikauke. Nikaitoshaka kisha kwa kupiga pasi."

Wakatazamana. Marcellin ndiye aliyeanza kucheka, kisha mkewe, hadi machozi. Naye Bibiane, bila kuambiwa, akakunja kitenge hadi magotini, akaingia majini. Aliushika mguu wa mashine kwa mikono miwili huku mumewe akifungua bolti, akirudisha gia katikati, akiunganisha upya. Kwaya iliwaimbia Gloria nzima, kisha wakairudia. Safari hii mtumbwi ulikwenda mbele.

Walifika Idjwi misa ikiwa imechelewa kabisa. Kanisa lilikuwa limejaa, lakini Aganze alikuwa bado ufukweni, kanzu nyeupe, amekataa kuingia bila dada yake.

Bibiane alimkimbilia, kisha akasimama ghafla. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwiko. Akaificha nyuma ya mgongo.

"Usiniguse, mutoto wangu. Niko na mafuta."

Aganze akazunguka nyuma yake, akaitafuta ile mikono, akaishika yote miwili kwa nguvu, na weusi ukapanda hadi kwenye mikono ya kanzu yake.

"Hata mikono yangu walipakaka mafuta juzi, kwa upadri, yaya," alimwambia dada yake. "Twende."

Wakapanda kilima wameshikana. Marcellin, ambaye alikuwa na la kusema juu ya kila jambo, alibaki na kamba ya mtumbwi mkononi, analia mbele ya kwaya nzima.