Sindano Haipiti Mdomoni

Mama yangu hali kitu kabla ya komunyo. Kanisa lilishalegeza masharti zamani, na mgonjwa husamehewa kabisa. Padri mwenyewe alikuja nyumbani kwetu Ruhuwiko kumweleza. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, na alipoondoka akasema, "Padri bado kijana."

Lakini sindano ya sukari anajichoma, tena alfajiri, Jumapili kama siku nyingine. "Sindano haipiti mdomoni," huniambia. Hapo ndipo ninapochoka. Mtu mwenye afya akifunga, ini lake hutoa sukari liliyoiweka akiba, kidogo kidogo, mpaka chakula kije. Mwili wa mama hauwezi tena kujipimia hivyo. Dawa ikishaingia hushusha sukari tu. Haijui kama amekula au amefunga.

Jumapili moja ya Juni, kwenye misa ya kwanza, baridi ikiwa imetukaba, nilimwona anatokwa na jasho. Mikono ilitetemeka hadi rozari ikagongagonga benchi. Mama mmoja nyuma yetu akamfunika kitenge, akidhani ni baridi. Nilitoa chupa ya juisi mkobani, nikampelekea mdomoni. Akafumba midomo.

"Bado," akasema.

Padri ndiyo kwanza alikuwa anaanza mahubiri, na mahubiri yake hayana haraka.

Nilisali, ila kwa hasira. Ningefanya nini? Nimkamate mama yangu taya kwa nguvu, mbele ya wanajumuiya wenzake? Niliogopa atanifia pale pale, na juisi ya kumwokoa nimeishika mkononi.

Kisha akanigeukia. Macho yalinipita, yakarudi, yakanikazia.

"Shikamoo, mama," akaniambia kwa sauti ya kitoto.

Bibi, mama yake, alifariki kabla sijazaliwa. Wanaomkumbuka husema nimefanana naye.

"Marahaba," nikajibu. "Kunywa, mwanangu."

Akanywa yote, bila ubishi.

Alipopata fahamu sawasawa, watu walishakomunika. Aliuliza nani amemnywesha. Nikasema ni mimi. Alilia, na hakunisemesha mpaka jioni.

Hajabadilika. Kila Jumapili anajichoma, anafunga, anavaa, tunakwenda. Nakaa ubavuni pake, naona jasho linavyoanza kumtoka kwenye paji la uso, wala hakuna ninaloweza kufanya ila kungoja anisahau.