Nilivumbika Dawa ya Shangazi Pamoja na Maembe

Kacha, kacha, kacha! Mpaka leo naisikia ile sauti ya vidonge chupani. Kila asubuhi, hapa kwetu Wiyoni, Lamu, shangazi yangu aliitikisa chupa kabla ya kumeza kimoja, akiviambia vidonge, "Amkani, wavivu nyie!"

Kosa ni langu, wapendwa. Simsingizii shetani.

Shangazi ana saratani ya damu. Daktari mmoja Mombasa alimwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya. Akatueleza taratibu, maana mimi shule niliishia darasa la nane: chembe zake za damu zimegoma kukua, zinazaana tu zikiwa changa na kujaza nafasi. Dawa hii inazisukuma zikomae, kisha zife zenyewe kwa wakati wake.

Niliposikia "zikomae", akili ikaruka hadi jikoni! Embe likichelewa kuiva, si tunalivumbika? Basi dawa ya kukomaza ikivumbikwa, si itapata nguvu maradufu? Nikaota wataalamu wanakuja Lamu kuniuliza siri. Hata buibui la kupigia picha nishalichagua!

Shangazi alipokwisha kumeza, nikaizika chupa guniani katikati ya maembe, nikafunika blanketi, nikaliweka gunia pembeni ya jiko la mkaa.

Asubuhi yake akaitikisa. Kimya!

"Mbona leo hawasemi?"

Akafungua. Vidonge vimeshikana donge moja, kama halua. Hakuna hata kimoja kizima! Nikaungama palepale.

Daktari akapiga kelele kwenye simu: "Asile hilo donge! Mleteni. Akikosa siku nyingi, tutalazimika kumtoa kwenye majaribio!"

Ole wangu! Mtu asiyeweza hata ngazi za nyumbani, akapanda boti, akapanda basi kutwa nzima, kwa ajili yangu. Nililia tangu Mokowe, tuliposhuka boti.

"Nyamaza, daktari wangu," akaniambia. "Maembe je, yameiva?"

"Yameiva, Shangazi."

"Alhamdulillahi. Wagonjwa wako wengine wamepona."

Basi zima likacheka, nami na kamasi zangu!

Siku mbili za dawa zilipotea, lakini hawakumtoa; walimpa chupa nyingine. Wenzangu wenye huruma nyingi na ndoto ndefu, nawasihi: ulizeni kwanza! Mapenzi yangu yalitaka kumponza mtu ninayempenda kuliko wote.

Tuliporudi, Shangazi akajilaza. Nikaiweka chupa mpya kwenye kidaka cha ukutani, chumba cha ndani, pasipofika jua wala joto la jiko. Nilipokwisha kugeuka, nikarudi, nikaisogeza sikioni, nikaitikisa mara moja tu, polepole.

Kacha.