Khanga Niliyomfungia Rehema

Nakumbuka siku moja hapa Mikumi, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka siwezi kukaa nikatulia. Mjukuu wangu Rehema ana usonji. Maneno yake ni machache, na akiona gurudumu linazunguka hulikimbilia. Nasi tunakaa kando ya barabara kuu ya malori. Basi kila tukitoka nilimfunga khanga kiunoni, ncha ya pili nikajifunga mimi. Majirani walininong'onea pembeni, sikuwajali.

Shuleni mwalimu wake akaleta miwani mikubwa ya kufunika macho yote. Ukiivaa unaona barabara, magari yanakuja, honi zinalia, kumbe umesimama darasani. Humo Rehema alifundishwa kusimama, kutazama kulia, kushoto, kulia tena, na kusubiri. Alirudia somo hilo wiki nyingi, nami nikikaa mlangoni naguna.

"Mwalimu, gari la kwenye miwani halimgongi mtu," nilimwambia.

"Ndiyo maana tunaanzia humo, bibi."

Sikushawishika. Khanga ikabaki pale pale.

Siku hiyo tunatoka shuleni, nikamwona dada yangu mkubwa ng'ambo ya barabara, kaja kutoka Kilosa bila taarifa. Nilipokuwa msichana, mama alinifinya sikio hadharani kwa kuchelewa kumwamkia mtu mzima, na sikio hilo naona bado linaniwasha. Nikapaza sauti, "Shikamoo dada," mguu ukiwa tayari kwenye lami. Sikutazama popote.

Khanga ikanikaza kiuno. Rehema alikuwa amegoma ukingoni, shingo inageuka kulia, kushoto.

"Twende, mkaidi wewe," nikamkaripia, nikavuta.

"Subiri," akasema, akanivuta nyuma.

Lori likapita karibu na pua yangu. Ng'ambo, dada alijishika mdomo, marahaba haikumtoka.

Rehema akatazama kulia mara nyingine. "Sasa," akasema, akanivusha.

Nilifika nikakaa chini, nikalia kwa aibu. Khanga niliifungua jioni ile ile. Siku hizi twashikana mikono tu. Usidhani nimepata utulivu. Akienda kwa jirani akachelewa kidogo, natoka nje, narudi, natoka tena.

Lakini nakuambia, mwanangu: hofu yako usiifanye kamba ya mtoto. Mfundishe kwa njia anayoielewa, hata kama wewe huielewi, na akishajua, msikilize. Mkubwa naye mwamkie ukishavuka. Mungu akulindie wanao kila barabara watakayoivuka, na siku wakikuambia subiri, akujalie kusimama.