Sauti Iliyojibu Hodi

Mke wangu alipoanza kuota ndevu, mimi nilijua sababu, na nilikuwa nimenyamaza miezi mitatu.

Mwili wake ulikuwa hautengenezi damu. Kila baada ya wiki chache tulimpeleka hospitali kuongezewa, na ndugu wa kuchangia walishaanza kutukimbia. Miaka ile ya hofu ya ukimwi, ukimwambia mtu akapimwe damu, anakumbuka ana safari ya Sengerema. Daktari akasema uboho wa mifupa umelala.

"Daktari, mimi niliishia darasa la pili. Uboho ninaoujua ni ule wa kwenye supu."

"Ndiyo huo huo, mzee. Damu inapikwa humo."

Akaandika vidonge vya homoni ya kiume. Kwa wengine vinauamsha uboho, kwa wengine wapi, na vinataka miezi. Akaongeza kuwa vinaweza kumletea ndevu na sauti nzito. "Mwambie mama mapema."

Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameshazagaa mjini, lakini vidonge hivyo viliagizwa Nairobi. Nilimpelekea nyumbani Mirongo, nikasema ni vya kuongeza damu. Sikudanganya, ila sikumaliza. Niliogopa atakataa. Tena mimi nilianza kwa kubeba magunia mpaka nikamiliki mashine ya kusaga; nilishazoea kuamulia watu.

Siku moja nilirudi kutoka Buswelu, nilikokaa wiki mbili nikitafuta mahindi, nikapiga hodi mlangoni kwangu.

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamume.

Nikaokota mpini wa jembe, nikaingia. Mke wangu alikuwa peke yake anachambua mchele. Akautazama ule mpini.

"Unataka kumpiga nani?"

"Nimesikia mwanamume."

"Yupo," akasema, akijishika kidevu. Akacheka. "Asubuhi binti wa jirani kaniamkia akiwa nje, shikamoo baba. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?" Kicheko kikaisha. "Ni vile vidonge?"

"Ndivyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akaenda chumbani, akarudi na kichupa, akakiweka mbele yangu. "Meza wewe. Mwanamume ni wewe."

Wiki nzima hakumeza. Mimi sijui kubembeleza. Nilikwenda kwenye mashine, nikarudi, nikala, nikalala. Nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Siku ya kliniki daktari akapima. Kwa mara ya kwanza damu haikuwa imeshuka. Akamweleza mke wangu yote: akiacha sasa huenda uboho ukalala tena, na sauti yake ya zamani huenda isirudi kabisa.

"Unaendelea, mama?"

"Muulize huyu. Si ndiye anayenijibia?"

Nikasema, "Mimi sijui. Mwenye mwili ni yeye." Sikuwa nimewahi kusema sijui mbele ya watu.

Mke wangu akamgeukia daktari. "Nitameza," akasema. "Ila wembe atanunua yeye, na kunyoa atanyoa yeye."

"Wembe hapana," daktari akasema. "Akikatwa, damu yake haigandi upesi. Tumieni mkasi."

Basi kila Jumapili kabla ya kanisa nilimkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nikapunguza ndevu moja moja. Mkono uliozoea magunia ulikivuta kidevu kwa nguvu.

"Taratibu, mzee. Hilo si gunia."

Mtu akipiga hodi, aliitikia yeye, kwa sauti ile ile. Mimi sikumjibia tena, nilishika mkasi.