Chemchemi ya Shule na Bustani ya Nakamba

Nilikwenda Ihanda kwa sababu ya maji. Chemchemi ya shule yetu, nje kidogo ya Tunduma, ilikuwa imepungua kiangazi kile hata wanafunzi wakawa wanateka tope, na padri msimamizi alituambia waziwazi kwamba maji yasipotengemaa darasa la nne litahamishwa. Kwa watoto wengi kuhamishwa kulikuwa ni kuacha shule, maana wazazi wao wasingeweza kuwalisha ugenini. Niliposikia kwamba Serikali inawaita walimu wakati wa likizo kufundishwa habari za mito na vyanzo vyake, niliomba niende mimi.

Asubuhi ya kuondoka mke wangu alinifungia viazi na karanga. "Ukajifunze kweli, Baba Eliya," akasema, "maana anayechota lile tope ni mimi."

Nilipata lori la mahindi lililokuwa likienda Nanyala, nikakaa juu ya magunia pamoja na kuku wa mtu. Liliponishusha Ihanda nilikuwa mwekundu kwa vumbi toka utosini hadi viatuni. Sisi walimu tuligawiwa kwa wenyeji. Mimi nilipokewa na Mzee Mgala, mkulima wa kahawa, na mkewe Mama Lea, ambaye aliniangalia, akacheka, akanitengea maji ya kuoga kabla hata ya salamu kwisha.

Siku za kwanza tulipanda na kijito kutoka bondeni kwenda juu. Bwana Shamba aliyetufundisha, mtu mpole wa kutoka Rungwe, alimwaga debe la maji penye nyasi, yakazama. Akamwaga jingine penye udongo mtupu, yakatelemka na udongo wake. Hapo nilielewa kwamba kijito ni mali ya mlima mzima, na kwamba tukilima mpaka penye jicho la chemchemi tunalifukia kwa mikono yetu. Nilifurahi sana. Nilijiona tayari nimeiponya shule.

Mchana mmoja tukapigilia vigingi kuzunguka chemchemi ya hapo Ihanda, kuonyesha mahali pasipotakiwa kulimwa tena. Kesho yake asubuhi Mama Lea akaniita nikanywe uji, nami nikaona vigingi vyetu vinawaka chini ya chungu. Nilikaa nikanywa. Njaa nilikuwa nayo, na uji ulikuwa mzuri.

"Mama, hivyo vilikuwa vya somo," nikasema taratibu.

"Najua, mwalimu. Hata ng'ambo ile ya kijito vilianza vigingi, halafu akaja Mzungu na kahawa yake."

"Sisi hatuchukui shamba. Tunalinda maji."

"Ya nani?"

"Ya wote walio huko chini."

Akaniongezea uji. "Vyema. Wote wanywe. Lakini bustani iliyomo ndani ya vigingi ni yangu peke yangu. Mimi nitalima wapi?"

Nilimpelekea Bwana Shamba swali hilo. Alivua kofia, akakiri kwamba hata yeye hajui. Vigingi havikurudishwa, na mafunzo yalikwisha swali likiwa palepale. Mama Lea alinisindikiza hadi barabarani na mkungu mdogo wa ndizi, bila kinyongo chochote, na jambo hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Nilirudi Tunduma kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikiwaza. Kando kabisa ya jicho la chemchemi yetu palikuwa na bustani ya Nakamba, mjane, na alikuwa hana nyingine. Neno moja la padri lingetosha kumwondoa. Nyumba ya mwalimu, kwa upande wake, ilikuwa na bustani pana nyuma ya jiko, ila ilikuwa ikilimwa na mke wangu.

Jioni ileile nilimweleza kwamba Nakamba agawiwe sehemu yake. Aliacha kupepeta.

"Kumbe ulikwenda Ihanda kujifunza kugawa bustani yangu?"

Nikamsimulia habari za Mama Lea na vigingi. Alinipakulia chakula, nami nilikula nikiogopa, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba maji ya watu wengi hulipiwa na mtu mmoja, na sasa nilikuwa nimemchagua mlipaji mwingine bila kumwuliza, naye yumo nyumbani mwangu.

Kesho yake alikwenda chemchemini peke yake, akakaa huko muda mrefu na Nakamba. Aliporudi alinikuta bustanini nikipima kwa hatua upande wa juu, wenye mawe, ambao nilidhani hatausikitikia.

"Toka huko," akasema. "Mpe huu wa chini, niliotia samadi. Ukimpa mawe atarudi kulima kwenye maji, na mimi nitakwenda kumsaidia."