Tulikichimbia kiwanda mutaro bure, sasa kinataka tufunge mashine zetu

Wakuu, amahoro.

Hii sikusimuliwa na mutu, iko yangu mwenyewe. Kama nadanganya, mafuta yangu yote yageuke maji.

Mimi nakamua mawese hapa Rumonge. Mashine yangu haina moteri. Iko na mti mrefu, tunausukuma tukizunguka kama mbuzi aliyefungwa. Shule niliachia la nane, mahesabu makubwa msinitafute.

Sasa, kikaja kiwanda cha sabuni. Komine, serikali yetu ya hapa, ikakipa kiwanja bure, na egzonerasyo juu: miaka kumi hakuna kodi.

Mimi mutu wa kodi ananikuta kila wiki, jasho linatiririka, anangoja tu nimalize muzunguko.

Haikutosha. Kwetu Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja, kila nyumba inatoka na jembe. Shefu wa kolini, kilima chetu hiki, akasema tukichimbie kiwanda mutaro wa kukiletea maji toka ziwani, watoto wetu watapata kazi.

Nani alipiga makofi wa kwanza? Mimi.

Nani aliimba mpaka bibi yangu akasema, "Baba Asha, chimba, wimbo hauchimbi"? Mimi tena.

Jumamosi nane, wakuu. Nilishajiona na kofia ya plastiki, naitwa bosi.

Kiwanda kikafunguka. Kolini yetu ikapata walinzi wawili, basi. Ngazi zetu, matunda ya michikichi, hawanunui, mafuta yao yanakuja na malori.

Nikarudi kusukuma mti wangu. Mutu aliyeimba vile atasema nini?

Mwezi uliopita shefu akatuita tena na majembe. Turefushe mutaro. Halafu mashine za mukono zilizo kando ya mutaro, yangu pia, zifungwe, zinachafua maji ya kiwanda.

Maji ya mutaro niliochimba mimi!

Nikasimama.

"Shefu, naomba kuuliza. Hapa tulipo, nani mutoto wake iko kiwandani?"

Shefu akanigeuzia swali.

"Baba Asha, unapinga maendeleo?"

"Hapana, shefu. Maendeleo nimeyachimba, mugongo unauma mpaka leo. Nauliza yalipita wapi."

Mama Zuena, mujane anayeleta ngazi zake kwangu, alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akabeba jembe. "Mimi naenda kutengeneza njia ya materinite. Mvua ikinyesha, wenye mimba tunawabeba mugongoni."

Akaondoka. Watu wakamfuata. Mimi nilikuwa wa tatu, mnisamehe.

Shefu akatoa daftari aandike majina. Nikamwambia aanze na langu.

Juzi barua ya komine ikafika. Siku kumi na tano, nifunge mashine. Na ile mashine ndiyo inalisha nyumba yangu, sina shamba, sina mutumbwi.

Nilichojifunza: wakisema mwekezaji amepewa bure, kuna mutu amelipa. Safari hii alikuwa mimi, tena nikiimba.

Kiwanda sikipingi. Lakini siku ya kukipa, waandike mbele ya watu kitaleta nini. Kisipoleta, kilipe kodi kama sisi.

Ninyi wa Nyanza-Lac, Muhuta, hata ng'ambo Kigoma: kwenu viwanda vilipewa nini, vikaacha nini? Mwenye shule anisahihishe, sikasiriki.

Na mwenye kujua sheria anisaidie kujibu barua. Iko Kifaransa, na changu kinaishia bonjour. Mniandikie vizuri, na heshima zote za ofisi, saini nitaweka mimi.

Ila neno la kwanza liwe hapana.