Nywele Chini ya Kuku

Saluni ya marehemu binti yangu ipo hapa hapa nyumbani Chanika, chumba cha mbele. Wanaoishi humo sasa ni kuku wawili. Si kuku hawa mliowazoea. Ni vijikuku vya kimo cha njiwa, miguu imejaa manyoya kama wamevaa soksi. Mteja wake mmoja, mama wa Kiarabu mwenye duka kule Boko, alimletea zawadi, jike na dume, ndani ya boksi la sabuni.

Nikamwuliza binti yangu, "Tunachinja lini?"

"Mama! Hawa si mboga."

"Kuku asiyeliwa ni kuku gani?"

"Ni wateja. Huoni mmoja ameshakaa kwenye draya?"

Kweli, jike alikuwa ametulia kwenye kiti cha kukaushia nywele kama mke wa mkubwa. Jogoo yeye aligombana na kioo kutwa. Wanawake waliokuja kusuka walicheka mpaka binti yangu akawa anawashika vichwa kwa nguvu.

Kisha akaugua tumbo, tukamzika. Kwenye matanga mmoja wa wapishi akawatazama wale kuku, akasema, "Bibi, vijikuku hivi hata mchuzi havitii rangi." Ndiyo pona yao.

Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Za marehemu ndiyo kabisa, zinachomwa zote, maana akizikumbuka atazifuata. Kanisani naimba na kina mama wenzangu, haya siyasemi, lakini nayashika. Basi nilikusanya vitana na brashi zake, nikachoma nyuma ya nyumba. Nikasimama kwenye ule moshi mpaka ukaisha. Nikajua nimemaliza.

Aliniachia mjukuu, wa kike, wa kuanza darasa la kwanza. Shule ya hapa msichana ananyolewa, hakuna mjadala. Na huyu kichwani alikuwa na twende kilioni, mabutu ambayo mama yake alimsuka kabla ya kuugua. Yalishafumuka, yamejaa vumbi, haguswi. Mwalimu akamrudisha nyumbani. Akiona mkasi tu anakimbilia saluni, anajifungia na kuku.

Mie niliishia darasa la pili. Barua nasomewa. Nilikwisha apa kwamba huyu atasoma, hata kama nitamnyoa amelala. Lakini nilipomsogelea usingizini nikakuta amejishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikashindwa.

Asubuhi moja nikaingia saluni kutafuta mayai. Jike alikuwa anatagia droo ya chini, ile ya rasta, nywele za bandia za kusukia. Nikapenyeza mkono, akanidonoa. Nikapapasa. Rasta inateleza, naijua. Hii haikuteleza, ilinishika vidole. Nikavuta. Nywele nyeusi, ncha zina wekundu wa hina.

Nilizijua. Nilizizaa.

Nikageuka, mtoto yupo mlangoni.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kwenye brashi. Kabla hujachoma."

"Na humu umezitia za nini?"

"Bibi, huyu kuku hampi mtu kilicho chini yake. Anamtunza mama."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Miezi yote ile nilikuwa nasikia kama mtu anachana nywele mle ndani, najiambia ni kuku anaparua.

Akaniuliza, "Ukininyoa, zangu utachoma?"

"Lazima."

"Basi siendi shule."

"Unataka zikae wapi?"

Akaonyesha droo kwa kidevu.

Nywele za aliye hai kulala na za marehemu! Mama yangu angenizaba kofi. Marehemu akimzoea mtu humvuta. Hilo sikumwambia, ni mtoto. Nilimtazama yeye, nikatazama sare mpya inayoning'inia ukutani haijavaliwa, nikasema, "Njoo ukae."

Hakulia. Nilikata butu moja moja, nampa mkononi. Alipomaliza kuyapokea akachuchumaa mbele ya droo, akasema, "Hodi," akaingiza mkono mzima. Kuku hakumdonoa. Alijiinua kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzie kitandani.

Sasa anasoma. Anarudi anazipiga kelele herufi njia nzima, na mie natoka nje makusudi ili majirani waone mjukuu wa nani huyo. Kichwa kinang'aa, shavu limejaa, daftari lina vema.

Lakini siku akichelewa, jua likishuka kwenye mihogo na sijamsikia, siendi kumwangalia barabarani. Naingia saluni, napiga magoti kwenye droo, naingiza mkono chini ya kuku. Ananidonoa mpaka damu, namwachia. Nazitafuta za mtoto katikati ya za mama yake, nazishika. Zina joto. Nakaa hapo, nimezishika, mpaka nisikie geti.